Nakala ya Tarehe Tisa

Kwa mnaoanza kunisoma hapa katikati, nitawapa kwa ufupi niliyokwisha kukiri.

Naitwa Esta. Baba yangu anaendesha winchi bandarini Mtwara. Tulihamia huku kutoka Kyela nikiwa na miaka minne. Nilikuwa mtunza tovuti wa Kituo cha Sauti za Mgao, pale Mikindani, tulipokuwa tukikusanya sauti za wazee wanaoikumbuka bado lugha ya zamani ya pwani hii ya Mgao. Shadya alizunguka na kinasa sauti, kikijaa ananiletea, mimi napandisha kwenye tovuti, kinafutwa, anaondoka tena. Tulikuwa marafiki. Nimekula kwao sikukuu mbili.

Jumanne ya tarehe kumi, nafasi kwenye seva ilijaa. Kompyuta yangu ilikuwa kwa fundi, nikakaa kwenye ya Shadya, ambayo jina lake la kuingilia lilikuwa halijafungwa. Nikafuta folda niliyodhani ni ya takataka. Haikuwa ya takataka. Sauti mia nne na kumi na mbili, kazi ya miaka mitatu, zikaenda.

Mkurugenzi wetu, Mzee Bwanaheri, alipouliza nani amefanya, nikasema Shadya. Nikasema alikuwa na hasira kwa kunyimwa likizo. Shadya siku ile alikuwa Msimbati anarekodi, nami ndiye niliyempeleka stendi asubuhi. Nilipokumbushwa hilo nikasema, "Siku hizi mtu anafuta hata kwa simu, mzee." Shadya akafukuzwa bila kusikilizwa, na taarifa ikapelekwa polisi.

Hapo ndipo nilipoishia. Sasa sikilizeni mengine, na msinionee huruma.

*

Siku ya ishirini na tatu tangu sauti zifutwe, Mzee Bwanaheri aliniita ofisini kwake. Hakuwa na faili mkononi wala simu. Alikuwa amekaa tu.

"Esta, binti yangu. Jana nimemwota mama. Ananiita, naona midomo inacheza, sauti siisikii."

Mama yake alirekodiwa miezi miwili kabla ya kufariki. Dakika arobaini. Zilikuwemo katika zile mia nne na kumi na mbili.

"Pole, mzee."

"Hao watu wa Dar wanaotutunzia tovuti, kweli hawana nakala?"

"Niliwauliza siku ileile. Hawana."

Sikuwa nimewauliza. Kuwauliza kungefukua mambo, nami nilitaka yalale.

"Waulize tena," akasema, akivaa kofia yake. "Naenda kuswali. Nikirudi nataka jibu."

Nikapiga. Aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Samweli, wa kitengo cha wateja, kijana mwenye sauti ya upole hata nikatamani angekuwa mkali.

"Nakala zipo, dada," akasema.

Nikasimama.

"Zipo?"

"Mfumo unachukua bakapu kila siku, wenyewe. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, upande wa kushoto, chini kabisa. Umeona pameandikwa 'Nakala'? Bofya hapo."

Nikabofya. Zilikuwa zimejipanga kwa tarehe, moja chini ya nyingine, kumi na nne. Mwaka na nusu nilikuwa naufungua ukurasa ule kila siku, na sijawahi kuteremka mpaka pale chini.

"Nichukue ipi, kaka?"

"Inategemea. Data zilipotea lini?"

"Tarehe kumi."

Samweli akarudi kwenye kompyuta yake. Nikasikia anachapa.

"Dada, mfumo unatunza siku kumi na nne tu. Ya kumi na tano ikiingia, ya kwanza inajifuta. Hizi zote zimechukuliwa baada ya data kupotea. Zimenakili tovuti tupu."

"Zote?"

"Zote. Kwani mlikuwa mnasubiri nini? Ungepiga siku ileile ingekuwa kazi ya dakika kumi. Hata wiki iliyopita, siku ya kumi na tatu, ungeikuta."

Nilikuwa nimeketi tena, sijui saa ngapi niliketi. Wiki mbili nzima sauti za wale wazee zilikuwa pale, chini ya kidole changu, zinaondoka siku moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa bize kumsikitikia Shadya mbele za watu.

"Lakini ngoja," Samweli akasema. "Naona nakala nyingine kwenye kumbukumbu. Hii siyo ya mfumo, mtu aliitengeneza mwenyewe. Nakala kamili, tarehe tisa, saa kumi jioni. Kwetu haipo tena, ilifutika pamoja na folda iliyofutwa tarehe kumi. Ila kabla ya hapo ilipakuliwa. Kuna mtu anayo."

"Nani?"

"Mtumiaji anaitwa Shadya. Unamfahamu?"

*

Shadya na mama yake walikuwa wamehamia Mtawanya, kwa mjomba. Chumba cha Mikindani walikiacha kwa ajili ya maneno ya watu. Nilipanda bodaboda mchana uleule.

Bi Mgeni, mama yake, alikuwa uani anamenya mihogo. Nilipiga hodi nikiwa tayari kufukuzwa. Badala yake kisu kilianguka, akaja akanikumbatia na mikono yake yenye maji ya mihogo.

"Shadya! Toka umwone rafiki yako wa kweli!"

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Wote waliokula nyumbani kwangu, hakuna aliyekanyaga hapa. Ni wewe tu. Ameniambia ulivyomtetea kwa Bwanaheri mpaka ukalia."

Hilo nalo nilikiri? Sikumbuki. Jioni ya siku aliyofukuzwa nilimtumia ujumbe: nimekutetea shoga yangu, nimelia, hawasikii. Kulia nililia kweli. Nililia chooni, kwa hofu.

"Umesikia ya posa?" Bi Mgeni akaendelea, akishusha sauti. "Watu wa Abdulkarimu wamekuja Jumapili. Wanawake watatu. Hata kukaa hawakukaa. Wanasema mtoto wao haoi mtu mwenye kesi."

Shadya alikuwa ametokeza mlangoni. Alikuwa amekonda mabegani, kanga imemzidi.

"Mama, muache apumue kwanza," akasema, na kwangu akatabasamu. "Nilikupigia, simu yako haiiti. Nikajua imekufa tena ile."

Simu yangu ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeifungia namba yake.

Tukaingia ndani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nimeyageuza geuza: nitaanzaje, nitamtega vipi mpaka aitaje nakala mwenyewe. Sikuhitaji hata moja.

"Esta, kuna kitu nataka nikuoneshe," akasema. Akainama chini ya kitanda, akatoa begi, na ndani ya begi, ndani ya soksi, diski ndogo nyeusi. "Kabla sijasafiri huwa nachukua nakala ya kila kitu. Basi tu, moyo wangu huwa hautulii. Ya mwisho ni ya tarehe tisa. Zimo zote."

"Sasa kwa nini hukuipeleka?"

"Nimekwenda mara mbili. Mlinzi ameambiwa nisivuke geti. Nikawaza, si kampuni ina nakala zake, watakuwa wameshazirudisha. Halafu mjomba akanitisha. Ananiambia, ukitokea na sauti mkononi watasema uliziiba kwanza, ukafuta baadaye."

"Hazijarudishwa," nikasema.

"Hata ya marehemu mama yake mzee?"

"Hata hiyo."

Akafumba macho. Mtu aliyevunjiwa jina na uchumba na huyo mzee alifumba macho kwa uchungu wa huyo mzee.

"Basi chukua," akasema, akanitia diski kiganjani na kukikunja kiganja changu kwa mikono yake miwili. "Ukipeleka wewe watakusikia. Mwambie imetoka kwangu. Mwambie hivi: mtu anayetaka kufuta hatunzi nakala. Hilo tu, Esta. Mengine ataelewa mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Uniapie."

Nikamwapia. Bi Mgeni akanifungia mihogo kwenye mfuko, nami nikaichukua.

*

Kesho yake nilijifungia ofisini tangu saa mbili asubuhi.

Nikaiwasha diski. Faili lilikuwa moja, kubwa, limebanwa. Nikalipandisha kwenye seva. Mtandao wa Mikindani ukalivuta kama mtu anavuta gogo. Saa tano likafika. Nikalifungua, folda zikatoka, kila moja na jina la kijiji chake kama Shadya alivyoliandika.

Nikaifungua tovuti. Ukurasa mweupe. Imeshindwa kuunganisha na hifadhidata.

Kisha nikakumbuka kwamba nywila niliibadilisha mwenyewe wiki ya pili, ili Shadya asiweze kuingia. Faili la mipangilio lilikuwa bado linatumia ya zamani. Nikaisahihisha. Nikarudisha na hifadhidata. Nikafungua tena.

Picha zikatokea, na majina chini yake. Nikabofya la mama yake Mzee Bwanaheri, na chumba kikajaa bibi kizee anacheka.

Mlango ulifunguliwa kabla sijaizima. Sijui alikuwa amesimama hapo nje muda gani. Mzee Bwanaheri aliingia bila viatu, kama anaingia msikitini, akakaa sakafuni kando ya meza yangu, akasikiliza dakika zote arobaini. Machozi yalimtoka hakuyafuta.

Ilipokwisha akasema, "Alhamdulillahi." Halafu akasema, "Umezipata wapi, mwanangu?"

Swali ndilo hilo. Nilikuwa nimeapa. Diski ilikuwa mezani, soksi ya Shadya pembeni yake. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja, nami neno hilo nilikuwa nalo mdomoni.

Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo hakuna mtu amewahi kunitazama. Hata baba yangu. Nikawaza: nikilitaja jina lile atauliza la pili, na la tatu, na kabla jua halijazama nitakuwa mimi niliyekaa Mtawanya.

Nikaifunika diski kwa kitabu.

"Watu wa Dar, mzee. Niliwang'ang'ania mpaka wakaipata nakala."

Akasimama. Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua ndefu. Nikaitikia amina, mimi Mkristo, kila alipotua.

Kisha akauvaa uso mwingine.

"Basi hao watu wanatunza kumbukumbu," akasema.

"Wanatunza, mzee."

"Nakala wanayo, basi hawashindwi kujua nani alifuta. Kule polisi wananiambia kila siku, mzee lete ushahidi, maneno matupu hayatoshi. Waandikie. Sasa hivi, nikiona."

Nikaandika. Alisimama nyuma ya kiti changu, akisoma kila neno kwa sauti ya chini. Yasomeni na ninyi: tunaomba kumbukumbu ya aliyefuta folda, tarehe kumi, jina la mtumiaji na saa.

Jibu lilikuja kabla ya adhuhuri. Mstari mmoja. Mtumiaji: Shadya. Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi.

Seva haijui nani amekaa kwenye kiti. Inajua jina tu, na jina lilikuwa lake.

"Ichapishe," akasema Mzee Bwanaheri.

Nikaichapisha. Nikaipiga na muhuri wa kituo, maana muhuri nautunza mimi.

*

Ijumaa baada ya swala tuliondoka na gari lake. Mimi mbele, askari mmoja aliyevaa kiraia nyuma, mtu mnene, kimya, na daftari gotini.

Mtaniuliza nilifuata nini mle. Mzee Bwanaheri aliuliza ofisini, mbele ya watu wote, "Huyu binti siku hizi anakaa wapi?" Hakuna aliyejua. Ningeweza kuwa mmoja wao. Nikasema, "Mtawanya. Naweza kuwaonesha."

Nimetafuta sana sababu ya kuwaambia, sababu ya heshima kidogo. Sina. Niliwaza kwamba Shadya akiwa mahabusu, hakuna atakayeisikiliza habari ya diski. Ndivyo nilivyowaza, kwa maneno hayohayo.

Bi Mgeni alikuwa anafagia uwanja. Alipoliona gari alinyanyuka, akakinga jua kwa kiganja. Aliponiona nateremka, na nyuma yangu Mzee Bwanaheri, fagio likamtoka mkononi. Akapiga kigelegele kimoja kikali, majirani wakachungulia.

"Umemleta! Esta, umemleta kweli!"

"Asalaam alaykum," Mzee Bwanaheri akasema, akikunja uso. Alikuwa hakutegemea mapokezi.

"Waalaykum salaam, baba, karibuni, karibuni. Siyo hapo, jua kali, njooni upande huu." Akakimbilia ndani, akatoka na mkeka mpya, ule wa wageni, akautandika. Yule askari hakumjua ni nani, akamletea kigoda chake mwenyewe, akakipangusa na upande wa kanga. "Mimi sina kinyongo, baba. Nilimwambia Shadya, mtu akija nyumbani kwako na miguu yake, yameisha. Shadya! Toka mwanangu, wamekuja!"

Askari alikitazama kigoda. Akakaa.

Shadya akatoka mbio, mikono ina povu la sabuni. Akapiga goti.

"Shikamoo mzee."

Mzee Bwanaheri hakuitikia. Ile karatasi yenye muhuri ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa kanzu yake, na mkono ulikuwa juu yake.

Shadya hakuliona hilo. Alikuwa ana furaha, ndilo ninaloshindwa kulisahau. Alikuwa ananitazama mimi, kisha mzee, kisha mimi.

"Zimerudi zote, mzee? Nilikuwa na wasiwasi na ile diski, iliwahi kuanguka."

"Diski gani?" akauliza Mzee Bwanaheri.

Bi Mgeni alikuwa bado anakunjua pembe ya mkeka.

"Diski niliyompa Esta juzi. Yenye nakala." Shadya akanigeukia, tabasamu lake likiwa limeanza kupungua upande mmoja. "Hukumwambia?"

Mzee Bwanaheri naye akanigeukia, polepole sana.

"Esta. Diski gani?"

Nimewaahidi kusema kweli katika kurasa hizi, basi nitaisema. Palikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu na ningeweza kupita. Wote watatu walikuwa wakinisubiri, na hata mtoto angesema.

"Ni ile aliyoiiba, mzee," nikasema. "Nilikuja juzi nikamnyang'anya. Nilikuficha kwa sababu nilimhurumia."

Shadya akacheka. Alidhani namtania. Akamtazama mama yake ili wacheke wote, kisha akayaona macho yangu, na kicheko kikakatika.

Bi Mgeni akaja taratibu, akasimama karibu nami kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. "Mwanangu," akasema, "rudia. Sijasikia vizuri."

Sikurudia. Mzee Bwanaheri alikuwa ametoa ile karatasi mfukoni, lakini hakuikunjua. Alikuwa ananipima, kama anayesikia sauti anayoijua ikitoka kwenye mdomo mwingine.

"Uliniambia ni watu wa Dar," akasema.

Ndipo yule askari, ambaye tangu Mikindani hakuwa ametamka neno, akainuka kwenye kigoda na kufungua daftari lake. Hakumtazama Shadya kabisa. Alilamba ncha ya kidole, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika jina langu juu yake, na kunisukumia kile kigoda kwa mguu.

"Kaa, dada," akasema. "Tuanze na wewe. Tarehe kumi, saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, kompyuta yako ikiwa kwa fundi, ulikuwa umekaa kwenye ya nani?"